Wimbo huu unasema nini? Namna ya kufuata maneno yasiyosikika, tangu gita la Katanga mpaka roki ya Zambia

Kila tukipiga muziki wa zamani, swali moja linarudi kwenye simu ya studio: "Pale anaimba nini?" Anayeuliza anaujua wimbo tangu utoto wake. Ameucheza kwenye ndoa, ameusikia kwenye matanga, lakini kuna mahali sauti inapita chini ya gita na neno linapotea. Musikilizaji wa pili anapiga simu kujibu, wa tatu anamukatalia, na mwisho watu watatu wa muji mumoja wana nyimbo tatu ndani ya diski moja.

Hatuwezi kumaliza hapa ubishi wa kila wimbo. Tunaeleza kwa nini maneno yanapotea, na kazi gani ya kufanya mbele ya kusema hewani, ao hata kwenye kundi la WhatsApp la familia, kwamba wimbo fulani una maana fulani. Kwetu sisi wa mashariki haliko jambo la kuchezea. Katika inchi hii watu walifungwa juu ya maana ya nyimbo, na hapa Katanga kuna neno dogo la kila siku lililogeuzwa kuwa silaha. Tutafika huko.

Polisi na wimbo wa roki

Mufano unaojulikana zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1963, katika muji wa Portland, orkestra ya vijana iliyoitwa The Kingsmen ilirekodi "Louie Louie", wimbo wa Richard Berry wa miaka ya 1950. Mwimbaji wao, Jack Ely, alikuwa na vyuma vya kunyoosha meno, na mikro ilitundikwa juu sana, basi alilazimika kuinua kichwa na kupiga kelele. Karibu hakuna neno linaloshikika. Vijana wa shule wakaanza kupitishiana vikaratasi vyenye maneno machafu, wakisema njo yale wanayosikia. Wazazi wakalalamika. Gavana wa jimbo la Indiana akaomba redio ziache kuupiga. FBI, polisi ya upelelezi, ikafungua dosye, ikausikiliza kwa mwendo wa kawaida, wa polepole na wa haraka. Baada ya zaidi ya miaka 2 ikamaliza kwa kusema kwamba wimbo haueleweki kwa mwendo wowote.

Na maneno ya kweli? Yalikuwa wazi kwenye diski ya Richard Berry mwenyewe, ya 1957: baharia anamuelezea muuzaji wa baa namna anavyotamani kurudi kwa muchumba wake kule Jamaika. Uchafu wote ulitoka kwa wasikilizaji. Mutu alisoma kikaratasi kwanza, kisha akasikiliza, na sikio likamupa kile alichosoma.

Unaweza kulipima jambo hili kwako nyumbani. Mupigie rafiki sehemu ya wimbo isiyosikika vizuri, umuambie mbele: "Sikia, pale anasema jina la Katumba." Atalisikia. Mwingine umuambie "anasema kitumba," naye atasikia kitumba. Hakuna anayedanganya. Ubongo hauvumilii tundu ndani ya sauti, unalijaza na kile kilicho karibu.

Diski ya dakika 3

Turudi nyumbani. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Muingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimukuta kijana anapiga gita barabarani kule Jadotville, muji tunaoita leo Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, muzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake "Masanga" ulipata tuzo ya Osborn ya muziki wa Afrika, na diski za kampuni Gallotone ya Afrika Kusini zikamufikisha mbali kuliko treni ya Katanga. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Wapiga gita wa Ulaya na Marekani walikaa miaka wakichunguza kidole gumba chake na kidole cha shahada, namna viwili hivyo vinavyofanya kazi ya watu wawili. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Muziki wake ulisafiri dunia nzima kwa njia ya vidole. Mutu wa London anaweza kukupigia "Masanga" nota kwa nota bila kuelewa neno hata moja la nyimbo za Mwenda. Maneno yalibaki kwetu, na sisi wenyewe hatukuyaandika.

Kuna sababu za mashine pia. Diski ya mizunguko 78 kwa dakika inabeba karibu dakika 3 kila upande. Mwimbaji wa barabarani anaweza kuendesha hadithi moja robo saa nzima, anaongeza jina la anayepita, anatania polisi, anarudi kwenye kiitikio. Mbele ya mikro anaambiwa dakika 3. Anakata. Ndiyo maana nyimbo nyingi za wakati ule zinaonekana sawa hadithi iliyoanza katikati: yule mwanamuke ni nani, deni gani hilo, kwa nini muzee anakasirika? Wasikilizaji wa 1952 walijua tayari. Sisi tumepewa kipande tu.

Kisha yanakuja makopi. Diski iliyochakaa kwa sindano ilihamishwa kwenye kasete, kasete kwenye kasete nyingine, halafu kwenye kompyuta, halafu kwenye simu. Kila mara kinachokufa kwanza ni sauti nyembamba za juu, yaani zile za s, f, sh, t, k. Vokali zinabaki. Sasa toa konsonanti kwenye Kiswahili uone: kupata, kukata, kufata, kupasa, zote zinakuwa neno moja. Mwimbaji amesema mutu alipata pesa, wewe unasikia alikata pesa, na tayari umetunga hadithi ya wizi.

Sikio linatafuta lugha linayoijua

Kwa Kiingereza kuna jina la neno lililosikiwa vibaya kwenye shairi ao wimbo: mondegreen. Mwandishi Mumarekani, Sylvia Wright, alilitunga mwaka 1954. Alieleza kwamba alipokuwa mutoto alisikia ndani ya shairi jina la bibi mukubwa mumoja, Lady Mondegreen, ambaye hakuwahi kuwa ndani ya shairi lile. Maneno mawili matatu yalishikana yakazaa mutu.

Kwetu jambo hilo linazidi, juu nyimbo zetu zinapita ndani ya lugha tano bila kuomba ruhusa. Mwimbaji wa Lubumbashi anaanza kwa Kiswahili, anaweka neno la Kiluba ao la Kibemba mahali penye uchungu, anamaliza kwa Kifaransa. Na Kiswahili chenyewe si kile cha Dar es Salaam. Mutanzania akisikia wimbo wa Katanga unamulilia "bibi", anafikiri ni nyanya aliyekufa, kumbe mutu anamulilia muke wake. Akisikia "juu ya nini?" anatafuta kitu kilichowekwa juu ya kingine, kumbe ni "kwa nini?" tu. "Mukanda" kwake ni wa kufunga suruali, kwetu ni barua. "Kinga" kwake ni ulinzi, kwetu ni baiskeli. Yaani mutu wetu anayeimba kwamba muke ameenda na kinga, barua hakuacha, anaweza kueleweka pwani sawa nabii.

Hata majina ya mahali yanadanganya. Wimbo wa Lubumbashi ukitaja Kenya, mukaaji wa hapa anafikiri kwanza komine ya Kenya, soko lake na baa zake. Mugeni anafikiri Nairobi. Tena kuna mutu aliyeishi Kenya zote mbili: Édouard Masengo alitoka katika kundi la Jecoke, jina lililofupishwa la Vijana Wachekeshaji wa komine Kenya, kisha akaenda kufanya muziki Nairobi. Kwa nyimbo za mutu kama huyu, swali la "Kenya gani?" halijibiwi na kamusi. Linajibiwa na mwaka wa kurekodi.

Na "Masanga" yenyewe? Kwa Kilingala, masanga ni kinywaji, pombe, na vijana wengi wa leo wanaamua mara moja kwamba ni wimbo wa ulevi. Lakini mzizi wa sanga katika lugha nyingi za huku unabeba maana ya kukutana, kusangana. Na Basanga ni watu wa Katanga hii hii, majirani wa Bayeke. Neno moja, milango mitatu, tena mwaka 1952 Kilingala hakikuwa kimeenea Katanga sawa leo. Anayekuletea maana kwa kusoma jina tu la wimbo amefungua mulango uliokuwa karibu naye.

Kilingala nacho kina mutego wa sauti. Neno "koma" likisemwa kwa sauti ya chini ni kuandika, likiinuliwa ni kufika. Katika mazungumuzo hakuna shida. Katika wimbo, muziki unaweza kushusha kinachopaswa kupanda, na hapo mwenye Kilingala cha kuzaliwa na sisi tuliokijifunza kwa redio hatusikii kitu kimoja.

Siku hizi watu wengi wanaamini maneno yanayoandikwa na simu chini ya video. Muwe waangalifu. Mashine hizo zinajua Kiswahili cha Tanzania na Kenya, la Katanga zinalinyoosha kwa nguvu. "Njo" linakuwa "njoo", na mutu aliyesema "ni yeye njo alifanya" anaonekana anaita mutu aje.

Roki ya upande wa pili wa Kasumbalesa

Kilomita karibu 90 tu kutoka Lubumbashi ndiyo mupaka, na ng'ambo yake, katika miji ya shaba ya Zambia, kulikuwa na roki ya kweli miaka ya 1970. Leo wanaiita Zamrock. Orkestra iliyojulikana zaidi ni WITCH, herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana "tunakusudia kuleta fujo". Mwimbaji wao, Emanyeo Chanda, aliitwa Jagari, jina la Mick Jagger wa Rolling Stones lililovalishwa mavazi ya huku. Kulikuwa pia na Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Waliimba Kiingereza, Kibemba, Kinyanja.

Tunawataja juu muziki wao unaonyesha shida nyingine. Gita lao lilipitishwa ndani ya kifaa cha kukwaruza sauti mpaka likafunika mwimbaji, na kwa roki hilo halikuwa kosa, sauti ya mutu ilihesabiwa kama chombo kimoja kati ya vingine. Kwa hiyo usitazamie kila neno lisikike. Lakini kuna kitu kilichozidi gita. Ukimwi ulipita kwa nguvu katika miji ile, na kati ya wanamuziki wa kwanza wa WITCH alibaki hai Jagari peke yake. Wakati wageni walianza kununua tena muziki huo na kuuliza "hapa mnasema nini?", kulikuwa na mutu mumoja wa kujibu. Wakaaji wa Sakania, Kasenga na Kipushi wanaosikia Kibemba wangeweza kusaidia sana katika kazi hiyo, na sijaona aliyewauliza.

Maneno yaliyofichwa kwa kusudi

Mpaka hapa tumesema maneno yaliyopotea bila kutaka. Kuna mengine mwimbaji mwenyewe ameyafunika.

Tarehe 2 juni 1966, Kinshasa, utawala wa Mobutu uliwanyonga wanaume 4 mbele ya watu: Jérôme Anany, Emmanuel Bamba, Alexandre Mahamba, na Évariste Kimba, mutoto wa Katanga, aliyekuwa Waziri mukuu mwaka 1965. Katika kipindi hicho Franco wa OK Jazz alitoa wimbo kwa Kikongo, "Luvumbu Ndoki", juu ya mulozi anayeangamiza watu wake. Hakuna jina la Mobutu ndani. Hakuna kamba, hakuna uwanja. Lakini watu waliusikia vile walivyousikia, na utawala ukasikia sawa na watu. Diski iliondolewa sokoni na Franco akavuka muto kwenda Brazzaville kwa muda.

Hapa kila neno linasikika, ukijua Kikongo. Kisichosikika ni nani anayesemwa. Na ule ukimya ulikuwa kinga ya mwimbaji (kinga ya pwani safari hii, si baiskeli). Angeweza kusema: nimeimba hadithi ya kijiji, nyinyi njo mulioleta Mobutu. Miaka ya baadaye Franco alifanya tena vile na "Tailleur", hadithi ya fundi wa nguo aliyenyang'anywa sindano. Wasikilizaji wengi walimuona Kengo wa Dondo ndani yake. Wimbo wenyewe haumutaji.

Kufunika hakukumusaidia kila mara, wala hakufunika kila mara. Mwaka 1978 Franco na wanamuziki wake walitiwa gerezani juu ya "Hélène" na "Jacky", nyimbo zilizosemwa kuwa za matusi, na mara hiyo maneno yalikuwa wazi mno. Na tusifikiri ni mambo ya wazee tu. Novemba 2021 tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo ilikataza "Nini tosali te" ya kundi MPR, wimbo unaowahesabia viongozi mambo ya inchi yaliyoharibika. Katazo liliondolewa muda mufupi baadaye kwa sababu ya makelele ya watu. Zaidi ya hayo, jina la kundi lenyewe ni neno la kuficha: muzee akisikia MPR anakumbuka chama cha Mobutu, kijana anakumbuka vijana wa Kinshasa wenye kamera. Wote wawili wamesikia sawa.

Kwa nyimbo za aina hii, kosa la kawaida ni kupita kiasi. Mutu akisha kujua kwamba Franco alificha siasa mara mbili tatu, anaanza kuona Mobutu katika kila wimbo wa mapenzi. Wimbo mwingi wa mapenzi ni wa mapenzi. Maana iliyofichwa inahitaji ushahidi wa siku zile: watu walisema nini wakati diski ilitoka, je, ilikatazwa, je, mwimbaji aliitwa kujieleza. Bila hayo una wazo lako tu, na ulitangaze kama wazo lako.

Wakati mwingine ni majina tu

Sehemu kubwa ya yale yasiyoeleweka katika muziki wa Kinshasa haina fumbo lolote. Ni majina ya watu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Zaïko Langa Langa ilipoingiza wapiga kelele wa kuchezesha, wale wanaoitwa atalaku, desturi ya kutupa majina imeongezeka mpaka leo. Wanaita "mabanga", mawe. Mufanyabiashara analipa, jina lake linatupwa ndani ya wimbo. Ukikaa saa nzima unatafuta maana ya sauti tatu za haraka kabla ya sebene, fikiria kwanza kwamba huyo ni bwana mumoja mwenye duka la vipuri.

Majina ya zamani yana uzito mwingine. "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé na African Jazz, ya januari 1960 huko Brussels wakati wa Meza ya Duara, imejaa majina ya wanasiasa na vyama. Kijana anayeicheza kila tarehe 30 juni anasikia mulolongo wa sauti nzuri. Lakini moja kati ya sauti hizo ni Conakat, chama cha Moïse Tshombe, kilichozaliwa hapa Elisabethville mwaka 1958. Miezi michache baada ya wimbo ule wa umoja, Katanga ilijitenga, tarehe 11 julai 1960. Mwenye kujua Conakat ni nini anasikia wimbo tofauti kabisa, wenye uchungu ndani ya furaha yake.

Bilulu

Hili ndilo neno tulilosema mwanzo. Kwa Kiswahili cha Katanga, kilulu ni mududu, bilulu ni wadudu. Mulimaji anasema bilulu vimekula mihogo. Mama anasema bilulu vimeingia ndani ya bunga. Lakini katika siasa ya 1992 na 1993, neno hilo lilitumiwa hewani na kwenye mikutano kuwaita Wakasai waliokaa Katanga. Familia nyingi zilifukuzwa, zikalala siku na siku kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi zikingoja mabehewa. Watu walikufa pale, watoto zaidi.

Tangu hapo huwezi kusikia neno hilo ndani ya wimbo bila kuuliza wimbo ni wa mwaka gani. Wimbo wa 1960 unaolia bilulu vimekula shamba ni wimbo wa shamba. Anayeupiga leo na kusema hewani "muzee huyu alishaona mbele mambo ya Wakasai" anamutia marehemu maneno mudomoni, na anawasha moto ambao bado una makaa. Na upande wa pili: wimbo wa 1993 wenye neno lile, hata ukicheza vizuri, hata mwimbaji akisema alikuwa anaimba mihogo, redio ya jamii inapaswa kujua watu walioufukuziwa wanausikia namna gani. Kwa maoni yangu, wimbo wa aina hiyo haupigwi bila maelezo mbele yake. Wenzangu wengine wanaona usipigwe kabisa.

Kwa hiyo tarehe mbele ya maana. Ukikosa tarehe kamili, tafuta hata kipindi: diski ya 78, diski ndogo ya 45, kasete, kila kimoja kina miaka yake.

Kazi yenyewe

Sasa unataka kuandika maneno ya wimbo wa babu yako. Tafuta kwanza kopi nzuri kuliko zote unayoweza kupata. Diski iliyo kwa jirani inashinda video yenye watazamaji milioni moja. Tumia vifaa vya masikio, si sauti ya simu mezani. Sikiliza mara tatu bila kuandika kitu. Kisha andika sauti, si maneno: kama umesikia "a-a-i", andika hivyo. Palipo giza weka nukta na sekunde, mufano 1:14. Programu nyingi za simu zinaweza kupunguza mwendo bila kushusha sauti ya mwimbaji. Robo tatu ya mwendo inatosha, zaidi ya hapo maneno yanayeyuka.

Halafu peleka kwa watu. Wawili angalau, na wasikutane kwanza. Usiwaambie wewe umesikia nini, kumbuka vikaratasi vya "Louie Louie". Mumoja awe mutu wa lugha ile: mama wa Kiluba kwa Kiluba, muzee wa Kasenga kwa Kibemba. Mwingine awe mutu wa wakati ule, hata kama haimbi. Wazee wa kambi za Union Minière watakupa maneno ambayo hayako kwenye kamusi yoyote: kapita alikuwa nani, posho iligawanywa siku gani, kwa nini mwimbaji anaogopa siku ya posho. Usianze na "wimbo huu una maana gani?" Muzee atakupa hekima. Muulize "hapa amesema nini?" na baadaye "wakati ule, mutu akisema hivi, watu walicheka ao walinyamaza?" Kucheka na kunyamaza kunaeleza mengi.

Kama mwimbaji yuko hai, mufuate yeye. John Low, mupiga gita Muingereza, alikuja Shaba kuwatafuta wapiga gita wa miaka ya 1950 wakati Mwenda na Masengo walikuwa bado hai, akaketi nao, na mwaka 1982 kikatoka kitabu chake "Shaba Diary". Leo wote wawili hawako, Masengo alikufa 2003. Lakini wanaocheza karindula kule kwenye komine zetu wako, na wale waliosimama nyuma ya wakubwa wakipiga chupa ao wakiitikia, wengine bado wako. Hao waitikiaji ni hazina, juu aliyeitikia alilazimika kujua maneno.

Usisahau kwamba mwimbaji pia anabadilisha. Wimbo uleule kwenye diski na kwenye sherehe unaweza kutofautiana beti nzima. Ukipata rekodi mbili, usilazimishe zikubaliane. Andika zote mbili. Rekodi za Hugh Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Karatasi zake zinataja mahali na mwaka wa nyimbo nyingi za Katanga, na kwa kazi yetu mahali na mwaka ni nusu ya jibu.

Na ukifika kwenye studio na karatasi yako ina matundu manne, iache na matundu yake. Soma kilichothibitishwa, sema wazi pale pasiposikika, taja sekunde, upige kipande kile mara mbili. Simu zitalia. Andika kila jibu pamoja na umri wa aliyelitoa na mahali alipokulia. Majibu mawili yanayofanana kutoka kwa watu wasiojuana, mumoja wa Kipushi na mwingine wa Kalemie, yana thamani kuliko ishirini kutoka baa moja.